S235, S355, 1018, DC04 au 12L14: Kuchagua Daraja la Chuma Chenye Kaboni Kidogo

Michoro mingi ya kazi humfikia muuzaji wa chuma ikiwa na vipimo vyote, urefu, upana na unene, lakini mahali pa daraja pameandikwa tu kwamba chuma kiwe laini, kile cha kawaida. Muuzaji naye hutoa kilichopo ghalani. Mara nyingi kazi husimama bila tatizo, kwa sababu madaraja yenye kaboni kidogo husamehe mengi. Yanapotofautiana, hutofautiana katika mambo ambayo jicho haliyaoni: mabamba mawili yenye rangi moja na uzito mmoja, moja likakubali kukunjwa hadi nyuzi 90 na jingine likapasuka kwenye kona.

Kaboni kidogo hapa maana yake ni chuma ambacho kaboni yake haizidi takriban asilimia 0.25 hadi 0.30 ya uzito. Hewa ukaa inayotoka kiwandani ni mjadala mwingine, maana daraja lilelile laweza kuyeyushwa kwa njia safi au kwa njia chafu bila herufi zake kubadilika. Makundi yanayolinganishwa ni matano: vyuma vya ujenzi vya nguvu ya kawaida (S235, S275 na A36), vyuma vya ujenzi vya nguvu ya juu zaidi (S355 na A572 daraja la 50), fimbo za 1018 zilizovutwa zikiwa baridi, mabamba membamba ya kukandamiza (DC01 hadi DC04, pamoja na 1008, mwenzake wa Marekani), na 12L14 ya kukereza.

Vigezo kabla ya majina

Kigezo cha kwanza ni nguvu, na kipimo chake cha kazi ni kikomo cha unyumbufu, yaani mkazo ambao chuma kikiuvuka hakirudi tena katika umbo lake la awali. Hupimwa kwa megapaskali (MPa). Nguvu ya kukatika huja baadaye, na nafasi iliyopo kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo onyo ambalo jengo hulitoa kabla ya kuanguka: chuma kinarefuka, boriti inabonyea, watu wanaona na kuondoka.

Nguvu huchanganywa mno na ukakamavu, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Ukakamavu ni kiasi ambacho chuma hukataa kupinda kikiwa bado ndani ya kikomo chake, na kwa makundi yote matano moduli ya Young, yaani kipimo cha ukakamavu huo, ni karibu ileile, gigapaskali 200 hadi 210. Boriti ya S355 na boriti ya S235 zenye umbo na vipimo sawa, zikibebeshwa mzigo uleule ambao zote zinaumudu, zitabonyea kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo ikiwa sakafu inatikisika au fremu ya mashine inacheza, daraja la juu halitatibu chochote. Dawa ni kuongeza kina cha boriti au kubadili umbo lake.

Kigezo cha pili ni kuchomelea. Kinachoamua hapa si kaboni peke yake. Wahandisi hutumia kaboni linganifu, ambayo katika fomula ya Taasisi ya Kimataifa ya Uchomeleaji hupatikana kwa kuchukua kaboni, kuongeza moja ya sita ya manganizi, moja ya tano ya jumla ya kromi, molibdeni na vanadi, na moja ya kumi na tano ya jumla ya nikeli na shaba. Kadiri jibu linavyopanda, ndivyo eneo la pembeni mwa mshono linavyokuwa gumu likipoa haraka, na haidrojeni iliyotoka kwenye unyevu wa fimbo za kuchomelea hupata mahali pa kuanzishia ufa. Ufa wa aina hiyo waweza kujitokeza saa nyingi baada ya fundi kufunga kazi na kuondoka. Unene nao huhesabiwa, kwa kuwa bamba nene hunyonya joto la mshono haraka kuliko bamba jembamba.

Kigezo cha tatu, ambacho wanunuzi wengi hukiruka, ni ushupavu: uwezo wa chuma chenye kasoro ndogo au kona kali kupokea kishindo bila kuvunjika ghafla kama kioo. Uwezo huo hupungua kadiri baridi inavyozidi. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta iitwayo Schenectady, ikiwa imefungwa gatini Portland katika jimbo la Oregon, Marekani, ilipasuka karibu vipande viwili katika maji matulivu. Meli kadhaa za zama hizo zilipata mikasa ya namna hiyo, na uchunguzi ulionyesha mchanganyiko uleule: chuma kisicho shupavu kwenye baridi, mishono yenye kasoro, na kona zinazokusanya mkazo. Siku hizi ushupavu hupimwa kwa jaribio la Charpy, ambapo kipande kidogo kilichochongwa mkato hupigwa na nyundo inayobembea, na nishati iliyotumika kukivunja huhesabiwa kwa jouli.

Yanabaki mambo mawili: jinsi chuma kinavyokubali kukunjwa na kukerezwa, na maumbo ambayo daraja hupatikana nayo, kwa maana hakuna faida ya kuchagua daraja zuri la boriti ambalo huuzwa kama fimbo za duara tu.

S235, S275 na A36

Nguvu yake ni ya wastani na inaeleweka kwa urahisi. Chini ya kiwango cha Ulaya EN 10025-2, S235 huahidi MPa 235 na S275 huahidi MPa 275 kwa unene usiozidi milimita 16. A36 ya ASTM, shirika la viwango la Marekani, huahidi MPa 250. Madaraja haya matatu hubadilishanwa kana kwamba ni kitu kimoja, na mimi sioni kosa katika geti la uani au meza ya karakana. Katika boriti iliyopigiwa hesabu, kuweka A36 mahali pa S275 ni kupoteza takriban asilimia 9 ya nguvu ambayo mhandisi aliitegemea, na jambo hilo linamhusu mhandisi, si muuzaji.

Kuchomelea ndiyo sifa yake kubwa. Kwa unene mdogo na wa wastani, kaboni linganifu ya S235 haivuki 0.35 na ya S275 haivuki 0.40, kiasi ambacho fundi wa kawaida mwenye mashine ya kawaida hupata mshono mzuri bila kupasha joto kabla. A36 yataka uangalifu kidogo zaidi katika mabamba manene, kwa kuwa kaboni inayoruhusiwa hupanda kutoka asilimia 0.25 hadi 0.29 kadiri unene unavyoongezeka.

Ushupavu husomwa katika herufi za mwisho za jina, kama vile S235JR. JR maana yake ni jouli 27 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, J0 ni jouli hizohizo kwenye nyuzi sifuri, na J2 ni kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa JR, kiwango kinataka jaribio lifanywe pale tu mnunuzi alipoliomba wakati wa kuagiza. A36 haina sharti la Charpy mpaka liandikwe kwenye oda. Kwa paa la ghala mahali penye joto hilo halina uzito. Kwa daraja la kupitisha magari mahali penye barafu lina uzito wote.

Hukunjika vizuri na kutoboka kwa urahisi. Kukereza kwake si kwa kupendeza: chuma huvutikavutika kwenye kisu, na magamba meusi yanayobaki baada ya kuviringishwa kikiwa moto huumaliza makali mapema. Hupatikana katika karibu kila umbo, kuanzia boriti na engo hadi bamba na flatibari. Linamfaa anayejenga fremu, ngazi, nguzo fupi, matangi yasiyo na shinikizo na vitako vya mashine.

S355 na A572 daraja la 50

Nguvu hapa ni MPa 355 kwa S355 na MPa 345 kwa A572 daraja la 50. Haikupatikana kwa kumimina kaboni, maana S355J2 katika unene wa kawaida haizidi asilimia 0.20, chini hata ya A36. Imepatikana kwa kuongeza manganizi, kwa chembe ndogo za niobiamu au vanadi, na kwa kuviringisha kunakoacha punje za chuma zikiwa ndogo. Nguvu hiyo hupungua kwa unene: S355 ya kati ya milimita 40 na 63 huahidi MPa 335, na ya kati ya milimita 80 na 100 huahidi MPa 315. Anayepigia hesabu bamba nene kwa 355 amejipunja.

Faida yake huonekana wazi katika kiungo kinachovutwa. Kama ni nguvu tu inayotawala, eneo la mkato wa S355 linaweza kuwa dogo kwa takriban theluthi moja kuliko la S235, na uzito unapungua vivyo hivyo, pamoja na usafiri, rangi na kreni ya kunyanyulia. Lakini zipo hali tatu ambazo faida hiyo huyeyuka. Ya kwanza ni kubonyea, ambako ukakamavu ni uleule. Ya pili ni nguzo ndefu na nyembamba, ambayo hushindwa kwa kujipinda pembeni kabla mkazo haujafika kwenye kikomo cha chuma chenyewe. Ya tatu ni uchovu: kiungo kilichochomelewa ambacho mzigo wake hupanda na kushuka mara nyingi, kama reli ya kreni, huanza kupasuka kutoka kwenye ukingo wa mshono, na katika Eurocode 3, kanuni za Ulaya za ujenzi wa chuma, umri wa mshono huo hufuata umbo lake wala hautofautishi S235 na S355. Nimeona michoro iliyopandishwa daraja na kupunguzwa unene kwa pamoja, na kwa kiungo cha aina hiyo matokeo ni umri mfupi zaidi, kwa kuwa mahali palepale palipokuwa panabeba MPa 80 za kupanda na kushuka sasa panabeba 120.

Kuchomelea kunawezekana bila shida kubwa, ila nidhamu huongezeka. Kaboni linganifu huruhusiwa kufika 0.45 hata katika unene usiozidi milimita 30, hivyo fimbo ziwe za haidrojeni ndogo, zikaushwe na kutunzwa katika oveni, na mabamba manene yapashwe joto kabla. Ushupavu husomwa kwa herufi zilezile, pamoja na K2 inayoahidi jouli 40 kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Katika kukunja, chuma hiki hurudi nyuma zaidi baada ya mashine kukiachia, na kinataka kona pana zaidi. Kona iliyozoeleka kwenye S235 yaweza kukipasua upande wa nje, hasa mkunjo ukifuata mwelekeo wa kuviringishwa. Kinakerezeka, lakini hakuna anayekichagua kwa sababu hiyo. Linamfaa anayevuka nafasi pana, anayejenga nguzo nene zenye mzigo mkubwa, au anayetengeneza tela na chasisi ambamo kila kilo iliyopungua ni mzigo ulioongezeka.

1018 iliyovutwa ikiwa baridi

Hii ina kaboni ya asilimia 0.15 hadi 0.20 na manganizi ya 0.60 hadi 0.90. Ikivutwa baridi kupitia tundu la chuma kigumu, kikomo chake hufika takriban MPa 370, juu ya S355. Anayesoma namba hiyo peke yake atadhani amepata chuma bora cha ujenzi. Nguvu hiyo imetokana na kukandamizwa, na moto wa kuchomelea huiondoa pembeni mwa mshono. Kuchomeleka kunachomeleka vizuri. Tatizo ni kwamba hesabu iliyofanywa kwa 370 haifai tena mahali palipoungua.

Ushupavu hupungua kwa sababu ya huko kuvutwa, kwa hiyo si chuma cha vishindo kwenye baridi. Kukunja kona kali nako kunakihatarisha.

Katika karakana ya kukereza ndipo kinapoheshimiwa. Uso wake ni safi, hauna magamba, na kipenyo ni sahihi kiasi kwamba shafti fupi huingia kwenye beringi kwa kazi ndogo tu. Lina hila moja, nayo fundi mpya hukutana nayo mapema. Chukua fimbo ndefu iliyonyooka, ichonge njia ya ufunguo (mfereji wa kipande kinachofunga gia kwenye shafti) upande mmoja, kisha ifungue kutoka kwenye jiliwa: imejipinda. Mikazo iliyofungiwa ndani wakati wa kuvutwa ilikuwa imesawazishana, na kisu kimeondoa upande mmoja wa mizani. Tiba ni kuondoa mikazo kwa joto kabla ya kazi ya mwisho, au kuchonga pande zote kwa zamu, au kutumia 1018 iliyoviringishwa ikiwa moto kwa vipande vinavyochongwa sana.

Sifa yake nyingine ni kukubali kutiwa kaboni usoni. Kipande kikipashwa hadi karibu nyuzi 900 katika mazingira yenye kaboni kisha kupozwa ghafla, uso hupata ugumu wa kukinza mikwaruzo na moyo hubaki mshupavu. Linamfaa anayetengeneza pini, shafti za mzigo wa wastani, gia ndogo na vishikizo. Hupatikana kama fimbo na flatibari. Boriti za 1018 hazitafutwi.

DC01 hadi DC04, na 1008

Hapa mantiki ya nguvu inageuka. Kwa mabamba haya yaliyoviringishwa yakiwa baridi chini ya EN 10130, kinachoahidiwa ni ukomo wa juu: DC01 isizidi MPa 280, DC04 isizidi MPa 210. Mashine ya kukandamiza inataka ulaini, na kipimo kinachotazamwa ni kurefuka kabla ya kukatika, angalau asilimia 28 kwa DC01 na 38 kwa DC04. Kaboni haivuki 0.12 kwa DC01 na 0.08 kwa DC04. Nguvu ya bidhaa hutoka kwenye umbo, kwa mikunjo na mifereji.

Yanachomeleka kwa urahisi, hasa kwa nukta, ingawa wembamba wake hutoboka mkono wa fundi ukichelewa. Ushupavu ni mara chache kuwa suala, na kukereza si kazi yake. Cha kuangaliwa ni muda wa kukaa ghalani: bamba la DC01 lililohifadhiwa muda mrefu laweza kuonyesha mistari inayofanana na mawimbi likikandamizwa, na mistari hiyo hujitokeza hata chini ya rangi. Mwenye bidhaa ya kuonekana kwa macho na aagize kiasi cha kutumia upesi. DC01 inamfaa mwenye makabati na vifuniko vya kukunja tu. DC04 inamfaa mwenye sinki, vikombe virefu au paneli zinazozama ndani.

12L14

Nguvu yake ikivutwa baridi hukaribia ya 1018, lakini si kwa ajili hiyo inanunuliwa. Ina salfa ya asilimia 0.26 hadi 0.35 na risasi ya 0.15 hadi 0.35, na viungo hivyo hukata nyuzi za chuma zinazotoka kwenye kisu zikawa vipande vifupi, hulainisha makali, na kuacha uso laini kwa mwendo mkubwa. Katika kipimo cha urahisi wa kukerezwa, ambacho chuma cha mfano kiitwacho 1212 hupewa 100, 12L14 iko juu sana, na 1018 iko chini ya 100.

Bei ya sifa hiyo ni kubwa. Kuchomelea kusifikiriwe: salfa hupasua mshono ungali moto, na mvuke wa risasi ni sumu. Haifai kukunjwa, ushupavu wake ni mdogo, na kiungo cha kunyanyulia mzigo hakipaswi kutengenezwa kwayo. Inamfaa mwenye mashine za kukereza zinazojiendesha, anayetoa nati, bushi na viunganishi vya paipu kwa maelfu, ambaye muda wa mashine unamgharimu kuliko chuma chenyewe.

Mambo mawili yanayokata makundi yote

Yote matano hupata kutu. Anayekusudia kuchovya kazi yake kwenye zinki moto aulize kiasi cha silikoni kabla ya kununua, kwa kuwa kati ya takriban asilimia 0.04 na 0.14 zinki hujijenga kwa kasi, ikatoka nene, ya kijivu na nyepesi kubanduka. Cheti cha daraja kizuri hakisemi kuwa zinki itatulia.

Cheti chenyewe, kile cha aina ya 3.1 chini ya EN 10204, kina maana pale tu namba ya kuyeyushwa iliyomo, yaani namba ya mkupuo ambao chuma hicho kilitoka, inapolingana na iliyogongwa kwenye chuma. Namba hiyo kwa kawaida iko upande mmoja wa bamba. Fundi akikata kuanzia upande huo, kipande kinachobaki hakina jina tena, hivyo igongwe upya kwenye salio kabla ya msumeno kuanza.

Kwa hali yako

Kama kazi ni fremu au jengo la kawaida na mafundi ni wa viwango mbalimbali, S235 au S275 itakuacha na makosa machache zaidi. Kama uzito au nafasi pana ndiyo inayotawala, na mhandisi amehakikisha kuwa si kubonyea wala uchovu, S355 italipa. Chagua J2 badala ya JR ikiwa pana baridi au vishindo. Kama kinachobonyea ndicho tatizo, baki na daraja la chini na ununue boriti yenye kina zaidi.

Kama ni shafti au pini, 1018 ni mahali pa kuanzia, na 12L14 iingie tu idadi inapokuwa kubwa, hakuna mshono, na mnunuzi amekubali risasi ndani ya bidhaa. Kipande kimoja kikihitaji kukerezwa na kuchomelewa pia, 1018 ndiyo inayobaki mezani. Kwa bamba la kukunja, anza na DC01 na upande DC04 pale kona zinapopasuka baada ya kipenyo cha kona kupanuliwa.

Kama chuma tayari kiko ghalani na hakina cheti wala namba, kitumie kwa kazi ambayo kuvunjika kwake hakumdhuru mtu. Kwa kazi nyingine yoyote, kata sampuli uipeleke maabara ipimwe mvuto na viambato, na kama itachomelewa mahali pa baridi, omba Charpy pia.